Ufa wa Tangi la Gubeti na Majibu Saba ya Taifa

Nchi ya Tamkani haimo katika ramani yoyote, na mwenye ramani asijisumbue kuitafuta. Si kwamba ni ndogo. Ina milima, ina bendera, ina Rais ambaye picha yake ni kubwa kuliko milango, kwa hiyo kila ofisi huanza kwa kusimamishwa picha, ndipo kuta zikajengwa kuizunguka. Haimo katika ramani kwa sababu wachora ramani walipofika mpakani na kuuliza nchi inaanzia wapi, waliulizwa kwanza wao ni nani hata waulize. Walipomaliza kujieleza jua lilikuwa limezama, wakaondoka zao.

Watamkani wanapenda kubishana kuliko kula. Zamani ubishi wao ulikuwa wa ovyo: mtu anasema jambo, mwenzake anadai ushahidi, ushahidi unaletwa, na siku nzima imekwenda. Serikali ikaona hasara hiyo, ikaunda Wizara ya Hoja, na Wizara, baada ya semina za miaka kumi na moja, ikatoa Majibu Saba ya Taifa. Jambo lolote litakaloletwa mbele ya mkubwa lijibiwe kwa mojawapo ya majibu hayo, basi, watu warudi kazini. Yalichapwa nyuma ya madaftari ya shule, mahali ambapo nchi nyingine huweka jedwali la kuzidisha. Jedwali la kuzidisha lilihamishiwa kwingine, na mpaka leo halijulikani liliko.

Baada ya muda wakubwa waliyazoea mno majibu hayo hata wakaona uvivu kuyatamka. Wakawa wanataja namba tu. Mtu anajieleza robo saa, mkubwa anasema, "Namba mbili!" na umati unacheka, na aliyejieleza anakaa chini akifuta jasho.

Katika mji wa Gubeti, wa nchi hiyo hiyo, aliishi fundi bomba mmoja, Mwasiti binti Kombo, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye kiburi cha kazi yake. Hakuwahi kufunga koki ikavuja. Na kama alivyokuwa na mabomba ndivyo alivyokuwa na maneno: hakuweza kulala nyumba moja na neno lisilokaa sawa. Shuleni alifukuzwa darasani mara nne kwa kuuliza, "Kwa hiyo?"

Siku moja alipanda Tangi la Ushindi kubadilisha boya lililooza. Tangi hilo ndilo fahari ya Gubeti. Lina umri wa miaka thelathini na moja, limejengwa kwa zege, linasimama juu ya miguu sita minene, na lilipewa jina la ushindi ambao hakuna anayekumbuka ulikuwa dhidi ya nani. Chini yake kuna Soko la Kivulini, wanawake hamsini na mmoja, kila mmoja na meza yake, kwa sababu kivuli cha tangi ni kipana na mboga hazinyauki. Mama yake Mwasiti, Bi Saumu, alikuwa akikaanga maandazi kwenye mguu wa tatu tangu ana mimba ya Mwasiti mwenyewe.

Mwasiti alipokuwa akishuka ngazi aliona mstari kwenye tumbo la tangi, kuanzia kiunoni hadi chini kabisa, mpaka kwenye kichwa cha mguu wa tatu. Ulikuwa ufa. Akachomoa chanuo la mti lililokuwa kichwani mwake, akalichomeka. Meno yaliingia nusu. Wiki mbili baadaye akapanda tena, akachomeka tena. Chanuo likaingia lote, akabaki ameshika mpini.

Jambo lenyewe, msomaji, ndilo hili, na usilisahau hadi mwisho. Siku za kawaida tangi hilo huwa nusu tu, kwa kuwa pampu ni chovu. Lakini kila mwaka, Siku ya Tangi, hujazwa mpaka likamwagika, na mji mzima hucheza ngoma chini yake kwenye manyunyu. Siku ya Tangi ilikuwa imebaki majuma manne.

"Mama, hama hapa," alisema Mwasiti, miguu haijagusa ardhi sawasawa.

Bi Saumu alikuwa akigeuza maandazi. "Nihamie wapi?"

"Popote penye mbingu tu juu yake. Tangi lina ufa. Likijazwa linapasuka."

"Mwanangu, nimekaa hapa miaka thelathini. Limewahi kuniangukia?"

"Mama, likishakuangukia hutaniambia."

Mwenye meza ya nyanya jirani, Mama Shida, akacheka hadi akashika mbavu. "Bi Saumu, mwanao anataka uuzie maandazi juani yakauke. Mwozeshe huyu, akili zitulie!"

"Mama Shida," alisema Mwasiti, "hata nikiolewa na mume akawa na mapembe, ufa utabaki pale pale."

"Umemsikia? Ameshakiri hata mume wa maana hatapata!"

Wanawake wakacheka. Mwasiti akaona kwamba Majibu Saba hayahitaji ofisi. Watu walikuwa wakiyapika nyumbani.

*

Ofisi ya Hoja ya Gubeti iko mkabala na soko, na dirisha lake linatazama tumbo la tangi. Karani wake, Bwana Nderumo, ni mtu mnene, mpole, mchovu, mwenye mihuri kumi na minne na kalamu moja. Alimpa Mwasiti fomu.

"Jina la mwenye hoja?"

"Mwasiti binti Kombo. Hoja ni kwamba tangi..."

"Hoja iko ukurasa wa tisa, dada yangu. Twende taratibu. Baba alikuwa na kazi gani?"

"Fundi baiskeli."

"Mkono unaotumia?"

"Wa kushoto."

"Ahaa," alisema Nderumo, akaandika kwa wino mwekundu. "Somo la kuimba, darasa la nne, ulipata ngapi?"

"Nilifeli. Bwana Nderumo, geuza shingo tu, utauona ufa kutoka hapo ulipokaa!"

Nderumo hakugeuka. Alikuwa mtumishi wa miaka ishirini na alijua mipaka ya kazi yake. "Dada, mimi ni karani wa kupokea. Kutazama ni idara nyingine."

Walipofika ukurasa wa tisa, nafasi iliyoachwa kwa ajili ya hoja ilikuwa mstari mmoja, na nusu yake ilikuwa na muhuri.

Fomu ilifika kwa Mkurugenzi wa Hoja, Mheshimiwa Badru Kilembe, mwenye shahada tatu za heshima, mojawapo akiwa amejitunuku mwenyewe kwa unyenyekevu. Alimwita Mwasiti, akamkaribisha kiti, akasoma kwa sauti.

"Kushoto. Baiskeli. Kuimba, sifuri." Akavua miwani kwa huzuni. "Binti, unaona mwenyewe. Namba moja." Na kwa kuwa alikuwa katika siku zake njema, akaitamka kwa kirefu: "Anayesema ni nani?"

"Mheshimiwa, hata ningekuwa mwizi wa kuku, ufa ungekuwa na upana ule ule. Njoo na chanuo lako upime."

"Kwa hiyo unataka nini? Tangi livunjwe?"

"Limwagwe maji, lizibwe."

"Limwagwe maji!" Kilembe alisimama, akamwita Nderumo aje ashuhudie. "Karani, andika. Mwananchi huyu anataka watoto wa Gubeti wafe kwa kiu."

"Sikusema hivyo!"

"Hukusema, ndiyo maana nimekusaidia. Namba tatu. Haya, tuseme tumeziba ufa. Kesho mtataka tuzibe mashimo ya barabara. Keshokutwa paa la hospitali. Mtondo mtataka kujua aliyejenga ni nani. Halafu nchi itakuwa imebaki na nini?"

"Itabaki na tangi zima, na barabara, na paa."

Kilembe alimtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyekula chaki. "Namba nne, binti. Namba nne."

Lakini Mwasiti alikuwa amegoma kuondoka, na sheria ya Tamkani inasema hoja ambayo mwenyewe haondoki ipelekwe barazani. Basi ikapelekwa.

*

Baraza la Hoja hufanyika uwanjani, na utaratibu wake ni wa haki tupu: kila upande unasema, watu wanapiga makofi, na Bwana Nderumo anapima makofi kwa saa ya kuning'inia shingoni. Makofi marefu ndiyo ukweli. Sekunde zikilingana, ukweli unaahirishwa.

Siku hiyo Serikali ilileta mtaalamu, Profesa Ndimbwa, bingwa wa magonjwa ya kuku, mtu mwenye sauti nzito na joho refu.

"Ndugu wananchi," alianza, "nimetafiti nyufa kwa miaka thelathini. Nyufa za mayai. Sijaona, narudia, sijaona yai likipasuka bila kifaranga kutoka. Sasa nauliza: kuna mtu ameona kifaranga kikitoka kwenye tangi?"

"Hakunaaa!"

"Basi sayansi imemaliza."

Mwasiti alipanda jukwaani, damu inachemka, akiwa na chanuo mkononi. Alieleza meno yalivyoingia nusu, kisha yote. Alieleza maji kujaa, uzito kuongezeka, na zege lililochoka. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, hata aliyekuwa mbali zaidi alielewa. Kwa nukta moja alidhani amewapata.

Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Na hayo maji yanayotiririka pale chini ya tangi ni nini, kama si ufa?"

Aliyeuliza alikuwa mzee mmoja muuza kamba, asiye na ubaya na mtu. Kilembe hakusita hata kidogo.

"Ni jasho," alisema. "Tangi letu linafanya kazi kwa ajili ya taifa, na anayefanya kazi hutoka jasho. Wapo wasiotoka jasho, nao tunawajua. Wako ng'ambo ya mpaka, kule Kimyani, na wengine wako hapa hapa wameshika machanuo. Namba saba! Kama hupo na tangi, upo na Kimyani!"

Uwanja ulilipuka. Watoto wa shule waliopangwa mbele wakaimba wimbo waliofundishwa asubuhi:

*Tangi letu la fahari, halijui kuvunjika,*
*Aonaye lina shari, jicho lake limechoka.*

Nderumo alitangaza matokeo kwa sauti ya kawaida. Kwamba hakuna ufa: dakika mbili na sekunde kumi na moja. Kwamba ufa upo: sekunde moja, na hiyo nayo ikapingwa, kwa kuwa ilithibitika kwamba muuza kamba alikuwa akiua mbu.

Mwasiti alimtafuta mama yake kwa macho. Bi Saumu alikuwa amekaa amejikunyata, mikono ameificha ndani ya khanga. Hakuwa amepiga makofi upande wowote.

Kesho yake watu wa Wizara walipanda tangi na kubandika juu ya ufa bango refu lililoandikwa HAKUNA UFA. Siku ya nne bango likapasuka katikati, kutoka juu mpaka chini, HAKUNA ikabaki upande mmoja na UFA upande mwingine. Aliyelichapa bango aliitwa kuhojiwa kuhusu ubora wa karatasi zake.

*

Juma lililofuata Bi Saumu alirudi nyumbani mapema, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Nini tena, mama?"

"Tangi limenitemea mate," alisema Bi Saumu, akakaa kwenye kigoda taratibu. "Maji yamedondoka kwenye karai la mafuta ya moto. Tone moja, mwanangu. Tone moja tu, ona." Akafungua kitambaa. Ngozi ilikuwa imevimba kama andazi lenyewe.

Mwasiti aliuosha mkono ule. Kisha akasema, "Sasa utahama."

"Sihami."

"Mama!"

"Si kwamba sitaki! Leo Mama Shida alisogeza meza yake hatua tatu tu atoke kwenye matone. Akaja askari akamwuliza, 'Unahamia Kimyani?' Tumeambiwa atakayeondoa meza Kivulini kabla ya sherehe ajieleze barazani. Wanawake hamsini na mmoja, Mwasiti, wote tunakaanga na kumenya huku tumeinua shingo kama kuku wanaokunywa maji. Wote tunajua. Na wote tulipiga makofi. Isipokuwa mimi, na mimi ni woga tu ulionizuia, nisikudanganye."

Mwasiti akasimama, akazunguka chumba kidogo mara mbili. "Nitarudi barazani. Safari hii nitapeleka kamba na jiwe, niwaonyeshe uzito unavyo..."

"Kaa chini." Bi Saumu hakuwa mtu wa kupaza sauti, na sasa alipaza. "Unawapelekea ukweli kama vile wameupoteza wanautafuta! Huyo Kilembe ni mteja wangu kila asubuhi, maandazi manne na chai ya tangawizi. Namjua. Unajua anaogopa nini? Haogopi kufa, hajawahi kuwaza kwamba naye anakufa. Anaogopa bahasha ya kijani. Akimwona tarishi tu, andazi linamkwama."

Bahasha ya kijani, kwa asiyejua mambo ya Tamkani, ndiyo inayomwambia mkubwa kwamba kuanzia kesho si mkubwa tena.

Mwasiti akakumbuka kitu. Katika ukumbi wa Ofisi ya Hoja, wakati akijaza zile kurasa tisa, alikuwa ameuona ubao wenye majina ya Wakurugenzi waliotangulia, na tarehe zao za kuingia na za kutoka. Akili ilianza kumwenda mahali ambapo haikuwahi kwenda, na hakupapenda.

*

"Mheshimiwa," alisema asubuhi iliyofuata, "sijaja kwa habari ya ufa."

Kilembe, aliyekuwa ameshainua kidole kusema namba, akakishusha. "Umekuja kwa habari gani?"

"Ya Wakurugenzi waliokutangulia. Ni tisa. Wa kwanza alijaza tangi Siku ya Tangi, mwezi wa sita. Mwezi wa tisa akapata bahasha. Wa pili akajaza mwezi wa sita, mwezi wa tisa akapata bahasha. Wa tatu alikuwa mgonjwa sherehe ikachelewa, akajaza mwezi wa saba."

"Akapata lini?"

"Wa tisa."

Uso wa Kilembe ulianza kubadilika rangi kuanzia kwenye masikio. "Wote?"

"Tisa kwa tisa. Ubao uko hapo nje, Mheshimiwa. Walijaza, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyejaza akabaki."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Alichokiacha ni kwamba katika Tamkani wakubwa wote hubadilishwa kila mwezi wa tisa, wawe wamejaza tangi, wamejaza ndoo, au hawakujaza kitu, kwa sababu Rais hupenda sura mpya mvua zinapokaribia. Kilembe alilijua hilo kama alijuavyo jina lake. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu halijui hata jina lake. Mwasiti alibaki amesimama, ulimi unamwasha kuongeza lile lililobaki. Alijisikia kama fundi aliyeziba bomba kwa bigijii iliyotafunwa. Maji yamesimama, ndiyo, lakini asitokee mtu akamwuliza kazi ile ni ya nani.

"Kwa nini hukunieleza hili tangu mwanzo?" Kilembe alinong'ona.

"Mwanzo nilidhani ufa unatosha."

Jioni hiyo hiyo koki kubwa ilifunguliwa, na maji ya Tangi la Ushindi yakateremka mferejini hadi tone la mwisho. Tangazo la Mkurugenzi likasema kwamba mwaka huu taifa litaliadhimisha tangi likiwa tupu, kwa unyenyekevu, kwani kujaza matangi ni desturi ya Kimyani. Na kwa vile manyunyu hayatakuwepo, na picha ya Mkurugenzi akiwa mkavu haitapendeza, sherehe itafanyika uwanja wa mpira, mbele ya gari la zimamoto. Wenye meza Kivulini wahudhurie wote, asiyehudhuria ajieleze.

Watu walipiga makofi dakika mbili na sekunde kumi na nne. Walikuwa ni wale wale.

*

Siku ya Tangi ilipambazuka safi, anga bluu, bendera zimesimama. Gubeti nzima ilikuwa uwanja wa mpira. Gari la zimamoto lilirusha maji, watu wakacheza, Profesa Ndimbwa akalowa joho. Mwasiti alikuwa na mama yake karibu na goli la mashariki, na kila baada ya muda aligeuka kutazama tangi lililosimama peke yake juu ya soko tupu.

Saa nne kamili wakaanza kupiga mizinga ishirini na moja ya heshima. Ulipolia wa kumi na saba, kitu fulani kikaitikia kutoka mjini. Hakikuwa kishindo mara moja. Kwanza ulisikika mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburuta kabati. Halafu mguu wa tatu ukapiga goti, taratibu, kwa adabu, na tumbo la tangi likafunguka kwenye ule mstari hasa, na nusu yake ikaenda chini. Ardhi ikaruka chini ya nyayo zao. Vumbi lilipanda juu kuliko bendera.

Mpiga mizinga, asiyeambiwa aache, akamalizia minne iliyobaki.

Walipofika sokoni waliikuta meza ya Bi Saumu, au walipakuta mahali pake. Karai la maandazi lilikuwa limebanwa chini ya zege, bapa kama chapati. Wanawake hamsini na mmoja walisimama wakalitazama karai lile. Mama Shida alivua kilemba, akajifuta uso nacho, akakivaa tena upande wa nyuma mbele.

"Sasa wameona," Mwasiti alimwambia mama yake.

"Wameona," alisema Bi Saumu. "Ngoja watakavyosema."

*

Baraza liliitishwa baada ya siku tatu. Mwasiti alikwenda amevaa gauni lake la Idi, akitarajia, kwa ule utoto ambao watu wenye akili huwa nao, kwamba angeombwa radhi.

Profesa Ndimbwa ndiye aliyefungua. "Miaka thelathini na moja," alisema, "hakuna aliyetaja ufa, na tangi likasimama. Juma la kwanza tu Mwasiti kutaja ufa, tangi likaanza kutoka jasho zaidi. Majuma manne baadaye, chini. Sasa nani amelivunja?"

Umati ukavuta pumzi. Jibu hilo halikuwemo katika yale saba. Kilembe mwenyewe aliinua kichwa, akaonja utamu wake.

Mwasiti akaruka na kusimama. "Profesa! Wewe ni mtu wa kuku. Jogoo anawika, halafu jua linachomoza. Kila siku! Basi mkamateni jogoo kwa kutuletea joto!"

Kulitokea kicheko kidogo, cha kwanza alichowahi kukipata katika baraza lile. Profesa aliwaza.

"Jogoo nimemtafiti," alisema hatimaye. "Hana historia ya ugomvi na jua. Wewe na tangi mlikuwa na ugomvi unaojulikana."

Basi. Pale pale Wizara ikapata Jibu la Nane, la kwanza jipya tangu semina zile: *Ulisema, likatokea, basi ni wewe.* Mwasiti akapatikana na hatia ya kuvunja tangi kwa mdomo. Hukumu: asiseme tena, maisha yake yote, neno lolote juu ya kitu chochote ambacho hakijaanguka. Vilivyokwisha kuanguka anaruhusiwa.

"Wanaokubali hukumu?" aliuliza Nderumo, akishika saa.

Makofi yakaanza. Mwasiti alikuwa amejaza kifua ili apige ukelele ambao Gubeti isingeusahau. Maneno yalikuwa yamejipanga, makali, kila moja mahali pake. Alifungua mdomo. Na kwa bahati mbaya, au njema, macho yake yakatua kwenye mikono.

Kulikuwa na mikono ya Mama Shida yenye madoa ya nyanya. Mikono ya muuza dagaa, ya kijivu. Mikono ya yule binti wa mchicha aliyejifungua juzi, anapiga makofi huku mtoto amening'inia mgongoni anatingishika. Akajikuta anahesabu. Soko la Kivulini lote lilikuwa pale, limekaa mistari mitatu, na akahesabu mpaka akafika mia moja. Mikono mia moja, yenye joto, haijavunjika hata kidole, ikipiga makofi ili yeye anyamaze.

Ilipaswa kuwa mia moja na miwili. Akageuka. Iliyobaki miwili ilikuwa mabegani kwake, mmoja bado umefungwa kitambaa.

"Dakika sita kamili," alitangaza Nderumo. "Ni rekodi."

Mwasiti akafunga mdomo, akakaa. Wale waliokuwa karibu naye wanasema alicheka, lakini Watamkani husema mengi.

*

Juma moja baadaye, mchana, Bwana Nderumo alibisha hodi kwa Mwasiti. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Dada yangu, sikuombi useme neno. Sheria ni sheria. Nina ukuta chumbani kwangu. Njoo tu, kama mgeni. Umekuja kunywa chai."

Mwasiti akaenda kunywa chai. Alipofika mbele ya ukuta alichomoa chanuo kichwani, akalichomeka kwenye ufa uliokuwa nyuma ya kitanda cha watoto. Meno yakaingia yote. Hakusema neno. Nderumo hakuuliza neno. Jioni ile familia yake ililala kwa shemeji, na ukuta ulianguka Ijumaa.

Baada ya hapo Mwasiti alikuwa haishi kunywa chai. Alikunywa kwa askari yule aliyemzuia Mama Shida. Alikunywa kwa Profesa, kwenye banda la kuku. Watu wote hao waliendelea kupiga makofi barazani kila Jumamosi, kwa nguvu zao zote, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulala mahali ambapo chanuo lile lilikuwa limezama.

Mwishoni mwa mwezi wa nane akaitwa Ofisi ya Hoja. Mheshimiwa Kilembe alifunga mlango, akateremsha pazia, akaelekeza kidole juu, nyuma ya kiti chake, pale ukuta unapoubeba mzigo wa picha ya Rais. Mwasiti alipanda juu ya kiti cha Mkurugenzi bila kuvua viatu. Akachomoa chanuo, akalisukuma polepole, akamtazama Kilembe usoni huku likizama: robo, nusu, mpini.

"Namba moja," Kilembe alisema, kwa sauti ndogo sana, kwa mazoea tu.

Kisha akashika kiti chake kwa mikono yote miwili, akakiburuta mpaka upande wa pili wa chumba.